Imba Kwanza, Ndipo Upige

Mwaka 1940, karibu na Shirati, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, alizaliwa mtoto aliyeitwa Daniel Owino Misiani. Ukitoka Mwanza kwa basi, ukapita Magu, Lamadi na Bunda, ukaendelea kaskazini mwa mkoa wa Mara mpaka Rorya, karibu kabisa na mpaka wa Kenya, umefika kwao. Alipokuwa kijana alivuka mpaka kutafuta maisha, akawa mwimbaji na mpiga gitaa, akaunda bendi. Bendi hiyo akaipa jina la nyumbani: Shirati Jazz. Alipofariki kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006, watu wa ziwa walimlilia kama mmoja wa baba wa muziki wa benga.

Wajukuu zangu, nimeanza na Misiani kwa sababu muziki wake unajibu swali ambalo mmekuwa mkiniuliza. Mnamwona mpiga solo, iwe kwenye ukumbi wa dansi Kirumba hapa Mwanza au kwenye kwaya kanisani, vidole vyake vinapanda na kushuka kwenye shingo ya gitaa, wala hasomi popote. Mnauliza: anajuaje pa kuweka kidole? Amekariri? Anabahatisha? Jibu ni kwamba anaimba. Mdomo umefungwa, lakini ndani anaimba, na vidole vinakwenda mahali wimbo ulipo. Nitawaonyesha hatua kwa hatua, na mwenye gitaa alishike.

Kabla gitaa halijafika, ziwa hili lilikuwa na nyuzi zake. Wahaya wa upande wa Bukoba wana enanga, ambayo waimbaji wao waliitumia kusimulia habari za wafalme na mashujaa. Wakuria wana litungu lenye nyuzi nane na sauti nzito. Wajaluo wana nyatiti, nayo ina nyuzi nane. Mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda cha chini. Mguuni amefunga njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayogongea ala yake ili kushika mwendo. Mikono yote miwili inadonoa nyuzi huku yeye mwenyewe akiimba. Akimaliza mstari, nyuzi zinaurudia au zinaujibu, kisha anaendelea na mstari mwingine. Mtu mmoja, lakini unasikia wawili wanazungumza.

Vijana wa Nyanza na Mara waliposhika gitaa, masikio yao yalikuwa yamelelewa na mazungumzo hayo. Wakaanza kudonoa noti mojamoja, haraka haraka, kwenye nyuzi nyembamba, na wakaliacha gitaa limfuate mwimbaji kila anapokwenda. Hapo ndipo benga ilipopata sura yake. Sikilizeni wimbo wowote wa Shirati Jazz: gitaa halimwachi mwimbaji peke yake hata kidogo. Anapovuta pumzi, linaingia. Anapomaliza kisa chake, linachukua maneno yake na kuyaendeleza bila maneno.

Sasa tuitazame shingo yenyewe. Asiye na gitaa achukue ubao mrefu, agonge misumari miwili, kisha afunge mshipi wa kuvulia samaki na kuukaza sana. Chini ya mshipi, karibu na kila msumari, aweke kijiti cha kuuinua, na vijiti hivyo viwili viachane sentimita 60. Udonoe mshipi uusikie. Sauti hiyo iite do, kama mnavyofanya kwenye kwaya. Chukua kijiti cha tatu, kipenyeze chini ya mshipi katikati kabisa, zibaki sentimita 30 za kutetemeka. Utasikia do tena, lakini ya juu. Kisogeze ili zibaki sentimita 40: hiyo ni so. Zikibaki sentimita 45, hiyo ni fa. Hakuna uchawi hapo. Uzi ukifupishwa hutetemeka haraka zaidi, na uzi unaotetemeka haraka zaidi hutoa sauti ya juu zaidi.

Freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo ya gitaa, zimewekwa kwa hesabu hiyohiyo. Ukiupiga uzi wazi ukauita do, basi fa iko freti ya 5, so iko freti ya 7, na do ya juu iko freti ya 12. Ndiyo maana magitaa mengi yana vidoti penye 5, 7 na 12. Kutoka freti moja kwenda nyingine ni hatua ndogo kuliko zote katika muziki wetu, nusu sauti. Angalieni pia kwamba freti zinakaribiana kadiri unavyopanda. Kwenye uzi wa sentimita 60, freti ya kwanza hukaa kama sentimita 3.4 kutoka mwanzo wa uzi, lakini kati ya freti ya 11 na ya 12 kuna kama sentimita 1.8 tu. Huku juu vidole havina safari ndefu. Likumbukeni hilo, tutalihitaji.

Gitaa lina nyuzi sita. Kuanzia ule mnene hadi ule mwembamba, nyuzi zikiwa wazi ni E, A, D, G, B na E. Tukiwa na gitaa la freti 21 na tukahesabu na nyuzi zilizo wazi, tunapata mahali 132 pa kupigia. Mtoto akisikia 132 anakata tamaa. Asikate. Sauti tofauti zilizomo ni 46 tu, kwa sababu sauti nyingi zinajirudia mahali zaidi ya pamoja. Chukueni E ya uzi wa kwanza, ule mwembamba, ukipigwa wazi. E hiyohiyo, si ya juu zaidi wala ya chini zaidi, ipo uzi wa pili freti ya 5. Ipo uzi wa tatu freti ya 9. Ipo uzi wa nne freti ya 14, na uzi wa tano freti ya 19.

Mnazijua nyumba zilizopanda kwenye mawe ya vilima vya Mwanza. Nyumba moja unaweza kuifikia kwa ngazi za mbele, kwa kichochoro cha nyuma, au kwa kupita kati ya majabali mawili. Mwenyeji huchagua njia kwa kuangalia anatoka wapi na baada ya hapo anaelekea wapi. Mpiga solo naye huchagua hivyohivyo. Kama noti zinazofuata ziko juu, ataipiga E pale freti ya 9 ili mkono uwe tayari umeshapanda. Kama anarudi chini kwenye kiitikio, ataipiga uzi wazi. Zaidi ya hayo, sauti haifanani kabisa. Uzi wa kwanza ukiwa wazi unalia kwa ukali na mng'ao. E ileile kwenye uzi wa tatu, ambao ni mnene na umefupishwa, inatoka nene na ya mviringo, karibu na sauti ya mtu mzima anayeimba taratibu. Kwa hiyo mpigaji akiuliza, "Noti hii niipige wapi?" anauliza pia, "Nataka iseme kwa sauti gani?"

Zoezi la kwanza ni hili. Weka kidole cha shahada freti ya 5, cha kati freti ya 6, cha pete freti ya 7, cha mwisho freti ya 8. Vidole vinne, freti nne, mkono umetulia. Imba mstari mmoja wa wimbo unaoujua vizuri, kisha uutafute hapohapo bila kuhamisha mkono. Utakosea, utarudia, na baadaye utaupata. Ukishaupata, nenda ukautafute mahali pengine: freti ya 2, halafu freti ya 9. Wimbo mmoja mahali patatu utakufundisha shingo ya gitaa kuliko nyimbo ishirini mahali pamoja, kwa sababu sasa unaifuata sauti, hufuati picha ya vidole.

Hatua ya pili ni kutembea na noti mbilimbili. Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki na Kongo umejaa solo za namna hii: nyuzi mbili zinapigwa pamoja, kama waimbaji wawili wa kwaya, mmoja juu, mwingine chini kidogo. Tuchukue ki ya C, yaani C ndiyo do yetu. Tunatumia uzi wa kwanza na uzi wa pili tu.

Uzi wa pili freti ya 5, uzi wa kwanza freti ya 3: hizo ni E na G, au mi na so. Uzi wa pili freti ya 6, uzi wa kwanza freti ya 5: F na A, yaani fa na la. Uzi wa pili freti ya 8, uzi wa kwanza freti ya 7: G na B, yaani so na ti.

Sasa mwambie rafiki yako wa gitaa la rizimu apige kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu zinazojulikana kuliko zote: C, F, G, kisha arudi F, azungushe hivyo bila kukoma. Akiwa kwenye C, wewe piga mi na so. Akienda F, piga fa na la. Akienda G, piga so na ti. Akirudi F, rudi fa na la. Mtazame mwenzako: mkono wake unabadilisha umbo zima kila kodi inapobadilika. Wako umetembea kati ya freti ya 3 na ya 8 tu, na kila ulipotua ulikuwa ndani ya kodi yake. Huo ndio msingi wa solo nyingi mnazozipenda. Angalieni tena vidole: maumbo ni mawili tu. Ama uzi wa pili unautangulia uzi wa kwanza kwa freti mbili, ama kwa freti moja. Ukizijua sura hizo mbili, unaweza kupanda nazo skeli nzima hadi freti ya 12 na ya 13.

Na mwimbaji akikuambia, "Leo sauti yangu haiko vizuri, tupandishe iwe D," usiogope. Sogeza kila kitu freti mbili juu. Kilichokuwa 5 na 3 kinakuwa 7 na 5, na mwendo wa vidole unabaki uleule. Mpiga kinanda akihama ki lazima abadilishe vidole vyake. Wewe unahamisha mkono tu, ilmradi usitegemee nyuzi zilizo wazi.

Walikuwapo mabingwa waliotuonyesha kwamba shingo hiyohiyo inaweza kusema kwa lugha mbalimbali. Nicolas Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, alizaliwa mwaka 1939 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Akiwa na African Jazz ya Joseph Kabasele, na baadaye African Fiesta, alipiga mistari mirefu, noti moja baada ya nyingine, laini na safi, huku kaka yake Dechaud akimshikia rizimu. Franco Luambo wa O.K. Jazz, aliyezaliwa mwaka 1938, alishika njia nyingine: nyuzi mbili kwa pamoja, gumba na kidole cha shahada, kifungu kifupi kinachorudi na kurudi mpaka miguu ya wachezaji ishindwe kutulia. Redio na santuri zilizifikisha sauti hizo hadi huku ziwani, na vijana wakagawanyika, huyu wa Nico, yule wa Franco.

Kwetu Tanzania tulikuwa na Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944. Alikuwa na Morogoro Jazz, kisha mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Mbaraka alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja. Msikilizeni kwa makini: mahali anaponyamaza ndipo gitaa linapoanza, na mara nyingi linaanza karibu na noti aliyoiacha. Gitaa halikutafuta wimbo mpya. Lilipokea ule uliokuwapo na kuubeba mbele. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 34, na hadi leo ukiisikia solo yake redioni unamtambua kabla hajafungua mdomo. Hapa Mwanza tulicheza na Super Kamanyola, na majirani zetu wa Musoma walikuwa na Mara Jazz. Leo vijana wengi wanajifunzia solo kanisani, katika kwaya za magitaa ambazo mji wetu unasifika kwazo. Huko nako kazi ni ileile: kwaya inaimba, gitaa linaitikia.

Sasa tunafika mahali ambapo watu huacha viti. Wimbo wa dansi mara nyingi huanza taratibu, kisa kinasimuliwa, maneno yanasikika. Halafu mwendo unabadilika, ngoma zinakaza, waimbaji wanabaki na kiitikio kifupi, na magitaa yanashika usukani. Wengine huita sehemu hiyo chemko, wengine sebene. Mpiga solo hapo hupanda juu ya shingo, kwenye zile freti zilizokaribiana, kwa sababu vidole vinaweza kwenda haraka bila kusafiri mbali, na kwa sababu sauti ya juu inapenya kelele za ngoma na besi. Zile noti zetu mbilimbili nazo zina makao huko. Kwa C, uzi wa pili freti ya 13 na uzi wa kwanza freti ya 12. Kwa F, freti ya 10 na ya 8. Kwa G, freti ya 12 na ya 10. Kodi ni zilezile, ila mtaa ni mwingine.

Lakini kwenda haraka si kuchanganya. Mpigaji wa chemko huchukua kifungu kidogo, pengine noti tano au sita alizozitoa kwenye kiitikio, akakirudia mara nne bila kubadilisha. Wachezaji wanakishika. Mara ya tano anabadilisha noti ya mwisho tu. Miguu inasikia tofauti kabla akili haijaelewa. Anarudia tena, anakipandisha kwenye freti za juu zaidi, anakirudisha. Hakitupi kifungu hicho hadi kiwe kimetoa kila kilichomo. Watu wa Usukuma wanaijua sanaa hii tangu zamani. Kwenye sherehe za Bulabo kule Bujora, Kisesa, makundi mawili, Wagika na Wagalu, hucheza ngoma kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na kundi linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Mtazamaji yuko huru kuondoka. Kinachomshika ni jambo analolitambua, likibadilika kidogo kila linaporudi.

Kuna jambo moja ambalo gitaa haliwezi kukufundisha lenyewe, nalo ni pumzi. Mwimbaji akiishiwa pumzi lazima anyamaze. Gitaa halichoki. Litapiga noti elfu moja ukitaka, na msikilizaji atachoka kabla yako. Kwa hiyo imba kila kifungu kabla hujakipiga, kwa sauti ya kusikika, hata kama sauti yako si nzuri. Pale unapovuta pumzi, mkono nao utulie. Kama kifungu hukiwezi kwa mdomo kwa sababu ni kirefu mno au kimejaa mno, kipunguze. Nyatiti ilipata heshima yake kwa kujibu mtu anapomaliza kusema. Solo inayosema bila kukoma haijamsikiliza mtu.

Najua wengi wenu mnatazama video za wapigaji wa Marekani na Kongo, mnanakili vidole vyao freti kwa freti. Nakilini, hakuna ubaya, sisi sote tulianza kwa kunakili. Ila ukimaliza kunakili vidole vya mtu, una solo yake moja. Ukijifunza kuusikia wimbo na kuutafuta kwenye shingo, utakuwa na solo kwa kila wimbo utakaokutana nao maishani.

Basi kazi yenu ni hii. Nendeni kwa bibi, au mama, au jirani mzee, mumwombe aimbe wimbo mmoja wa lugha yake: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kihaya, Kikuria, Kijaluo. Uwe wimbo wa kubembeleza mtoto, wa harusi, au wa kulima kama nyimbo za bugobogobo, wachezaji wanaporusha majembe. Uimbeni naye mpaka muujue. Kisha ushikeni kwenye uzi mmoja, halafu mahali patatu pa shingo, halafu kwa noti mbilimbili. Acheni pumzi pale bibi alipovuta pumzi. Mwishowe chukueni kifungu kimoja tu kutoka kwenye wimbo huo, mkirudie, mkibadilishe noti moja, mkipandishe juu ya freti ya 12. Kisha rudini kwa bibi mkampigie. Akianza kuuimba bila kuambiwa ni wimbo gani, mmekwisha kuwa wapiga solo.